Riziki Aliyefuturu kwa Kengele ya Kanisa

Kitu cha kwanza, nunueni viatu. Juzi walikuja kwangu vijana wawili, hapa Nyalukemba, ndio kwanza wameajiriwa kutembelea watoto waliowekwa katika familia za watu, wakaniuliza kazi hii inataka nini. Walitegemea nianze na sheria. Niliwatazama miguuni, nikaona viatu vyeupe vya kitambaa, nikacheka hadi nikakohoa. Bukavu yetu ni kupanda na kushuka, na udongo wake ukilowa hauna huruma na diploma ya mtu. Wale vijana walikunywa chai yangu, wakaniachia namba zao za simu, wakaenda, na nyumba ikarudi kimya kama kawaida yake. Nikaona heri niandike, maana nikianza kuongea peke yangu jirani ataniogopa.

Mimi ni Maman Béatrice, asistanti sosial mstaafu. Kazi yangu ilikuwa hii: mtoto akitenganishwa na wazazi wake, kwa vita au kwa kifo au kwa huku kukimbia kwetu kusikoisha, tunamtafutia nyumba ya kukaa wakati ndugu zake wanatafutwa. Nyumba hiyo tunaiita familia ya kupokea. Kisha mimi ninakwenda kumwona mara kwa mara. Anakula? Anasoma? Anapigwa? Maswali hayo niliyazoea. Swali la kwamba anamwomba Mungu kwa namna gani, na kama anaachwa aombe hivyo, tulikuwa tunalisahau, sababu huku karibu kila mtu anadhani jirani yake anasali kama yeye.

Aliyenifundisha kazi ni mkubwa wangu, Papa Chrysostome, Mungu amlaze pema, mwanamume mfupi mwenye mwavuli mkubwa. Siku ya kwanza nilikwenda naye kutembelea mtoto, nikamkalisha mtoto sebuleni mbele ya mama wa nyumba, nikamuuliza kama yuko salama. Mtoto akasema yuko salama sana. Nikafurahi. Papa Chrysostome akamaliza soda yake, akaaga, akamwambia yule mtoto, “Tusindikize kidogo.” Tulipofika penye mteremko wa pili, mtoto alikuwa analia na kusema yote.

“Unaona, Béatrice,” akaniambia tuliporudi. “Mutoto hasemake mu salon. Mu salon iko na macho ya maman. Lakini hakuna maman anaweza kukataza mutoto asindikize mugeni. Njo desturi. Ile njia ni biro yako.”

Njia ndiyo ofisi yako, ndiyo maana nimeanza na viatu. Mtoto akusindikize, mtembee, usimtazame usoni, ulalamike kidogo juu ya magoti yako. Atasema akiwa tayari. Asiposema leo, safari ijayo njia itakuwa bado iko pale pale.

Papa Chrysostome alikuwa na masikio ya mambo ya dini kuliko sisi wote. Kulikuwa na kijana mmoja wa Shabunda, tulimweka Mudaka kwa wakulima Waadventista. Jumamosi familia haikugusa jembe, na kijana akawa Mwadventista safi, aliimba kuliko wote. Jumapili familia ilipokwenda shambani, akakumbuka kwamba alibatizwa Mkatoliki, na siku ya Bwana halimi. Mama wa nyumba alivumilia, kisha akaja kwetu amekasirika. Kijana mwenyewe, nilipotembea naye, aliniuliza kwa upole kama kuna dini ya Jumatatu. Nilitaka tumkemee. Papa Chrysostome akacheka, akaamua: Jumapili misa asubuhi, jembe mchana. “Muache aende misa,” akasema. “Hata kama anakwenda kwa sababu ya uvivu, ni misa yake.” Nilidhani anamdekeza. Miezi ikapita, yule kijana akawa anatumikia altareni, na uvivu ukabaki pale pale.

Jingine halikuchekesha. Mtoto mmoja, Dieudonné, alipokelewa na familia ya wafanyabiashara Waislamu, watu wema kabisa, waliompenda hata wakampa jina jipya, Salumu, awe kama wao. Baada ya muda wakamrudisha biro wakiwa na wasiwasi: mtoto haitiki akiitwa. Walikuwa wamempeleka hadi hospitali kupima masikio. Papa Chrysostome alisimama nyuma yake, akasema kwa sauti ndogo, “Dieudonné.” Mtoto akageuka upesi, na uso wake sitausahau. Yule baba wa familia alilia kuliko mtoto. Hakukuwa na ubaya wowote ndani ya nyumba ile, na bado mtoto alikuwa amebaki humo bila jina.

Nawaambia hayo mawili ili msidhani ni watu wa dini fulani wanaokosea. Sasa nifike kwa Riziki, ambaye ndiye ninayemfikiria jioni kama hizi.

Riziki alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuja pamoja na watu waliokimbia kutoka upande wa Uvira. Mama yake alikufa zamani, na baba yake, muuza vitambaa, walipotezana njiani. Jina lake halikutuambia kitu. Huku kwetu Riziki anaweza kuwa Mkatoliki, Mprotestanti au Mwislamu, na pale biro sote tulisikia jina, tukamwona msichana mpole aliyejifunga kitambaa kichwani kama mtu yeyote anayetoka safari, hatukuuliza zaidi. Tulimweka kwa Maman Régine, mjane anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hapa hapa Nyalukemba, si mbali na parokia. Maman Régine ana mkono wazi, na mdomo wazi zaidi. Nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Nilipokwenda kuwatembelea, alasiri moja, Maman Régine alinivuta pembeni kabla sijakaa.

“Maman Béa, huyu mutoto mulinipatia, munamujua kweli?”

“Iko na shida gani?”

“Muchana hakulake. Minamuwekea bugali, anasema ameshiba. Ameshiba na nini? Kisha asubui sana, giza ingali, minamukuta mu jikoni iko nakula ile bugali ya baridi, peke yake. Ameisha kunawa mpaka miguu, iko nasema maneno kidogo kidogo. Maman, batoto banakulaka mu giza, unajua banaitwaka nani.”

Nilijua. Katika mitaa yetu, mtoto anayekataa chakula mchana na kula gizani anaitwa mchawi, na hahitaji kosa lingine. Wifi yake Maman Régine alikuwa amekwisha kuzungumza na pasta wa chumba kimoja cha maombi. Jumapili pasta angekuja kumchukua Riziki, akae kule bila kula wala kunywa mpaka akiri. Nimewaona watoto waliotoka katika vyumba vile. Wengine walikiri kila walichoulizwa, na hakuna niliyemjua aliyerudi kama alivyokwenda.

Sheria yetu ya kulinda mtoto inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na inampa haki ya dhamiri yake na dini yake. Nilikuwa nayo ndani ya mkoba. Sikuitoa. Ningeitoa mapema vile, Maman Régine kwa woga wake angenirudishia mtoto papo hapo, na sikuwa na nyumba nyingine ya kumpeleka. Nikanywa maji, nikaaga, nikasema, “Riziki, unisindikize kidogo.”

Tulishuka. Nikalalamika juu ya magoti, akanishika mkono. Penye mteremko wa pili akauliza, kwa Kiswahili chake cha Uvira kilichokuwa laini kuliko chetu:

“Maman, unajua mwezi uliandama siku gani? Hapa hakuna mtu wa kuuliza. Mimi nilikisia tu.”

Nikasimama. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anasema juu ya Ramadhani, na kwamba yule mchawi wa Maman Régine alikuwa mtoto anayefunga. Ile bugali ya baridi ilikuwa daku yake. Kunawa miguu kulikuwa udhu.

“Kwa nini hukumwambia Maman Régine?”

“Siku ya kwanza alisema, humu tunasali pamoja, asiyetaka kusali atafute kwingine. Nikaona akijua atanifukuza. Papa akija, atanitafuta wapi?”

Niliumia, nasema wazi. Nilimwona moyoni mwangu akila peke yake gizani huku akiogopa kila mlango unaolia, anakisia mwezi wake, hana hata mtu mmoja wa kumwambia leo njaa imezidi. Kwao walikuwa wengi kwenye mkeka. Dini hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki ya nyumbani kwao, na alikuwa anaificha kama kitu cha wizi.

Nikamuuliza, “Naweza kumwambia Maman Régine?” Vijana, hilo msiliruke hata mkiwa na haraka. Ni lake kusema au kutosema. Alifikiri sana, akatazama ziwa kule chini. Kisha akasema niseme, lakini nisimwachie mkono.

Tukapanda tena. Maman Régine alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, uani. Nikamweleza polepole, na yeye akaacha majani mapajani.

“Kufunga? Kama Kwaresima?”

“Kama Kwaresima. Lakini hata maji hapana, mpaka jua lizame.”

“Hata maji!” Akapiga makofi. “Na mi minamutumaka kushota maji kila siku mu jua! Riziki, na wewe unanyamazaka tu? Unataka ufe mu nyumba yangu, batu baseme mi njo muchawi?”

Riziki hakujua kama anagombezwa au anahurumiwa. Mimi pia sikujua. Maman Régine mwenyewe nadhani hakujua. Akafuta mikono kwenye kitenge, akauliza kwa sauti nyingine kabisa:

“Kule kwenu munafungaka kila mutu peke yake?”

“Pamoja. Papa anatugawia tende, tunangoja azana, kisha tunakula. Hapa azana siisikii. Nangoja giza kabisa, naogopa kukosea.”

Wakati huo kengele ya parokia ikalia saa kumi na mbili. Maman Régine akasimama bila kufikiri, kama afanyavyo kila jioni, akafanya ishara ya msalaba, akasali Malaika wa Bwana. Mimi nikaitikia. Riziki akasimama pembeni, kichwa chini, midomo imefungwa. Alipomaliza, Maman Régine hakurudi kwenye sombe. Akatazama upande wa milima ya Kahuzi, ambako jua lilikuwa bado na ukingo mwekundu.

“Tungoje kidogo,” akasema. “Ingali.”

Tukangoja, wanawake wawili Wakatoliki na mtoto mmoja, tunatazama mlima. Ukingo ulipoisha akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji.

“Sasa. Kunywa, mama.”

Riziki akasema maneno yake, safari hii kwa sauti ya kusikika, akanywa. Maman Régine akageukia sombe upesi, na mimi nikajifanya natafuta mwavuli.

Kesho yake nilimpeleka Riziki msikitini, tukamuuliza mzee mmoja wa pale juu ya mwezi na juu ya kengele. Alicheka sana. Akasema mwezi amekisia vizuri, na kengele haina ubaya, lakini wasifungue nayo, waongeze kidogo hadi jua lizame kweli. Jambo hilo likawa desturi ya nyumba ile: kengele, sala ya Maman Régine, kungoja kidogo, maji. Kuku nao wakawa na safari yao. Maman Régine alipojua kwa nini Riziki alikuwa anaacha nyama, akawa anambeba kuku kwapani hadi kwa yule mzee achinje. Mmoja alimtoroka barabarani, na nusu ya Nyalukemba ilimkimbiza. Hadi leo anasema yule kuku alikuwa Mprotestanti.

Sheria niliitoa siku ile pasta alipokuja, maana kuna watu na kuna watu. Nilikuwa nimekaa barazani tangu asubuhi, nimeishika mkononi. Hata sikupata nafasi ya kuisoma. Maman Régine alimkuta mlangoni.

“Pasta, mutoto hana pepo. Iko nafunga. Wewe mwenyewe, ulifungaka lini?”

Pasta akatazama tumbo lake bila kukusudia. Nikamweleza kwa adabu sheria inasema nini juu ya kumwita mtoto mchawi, na nani anakamatwa. Akaondoka. Wifi alinuna muda mrefu, na hakuna niliyemwona akisikitika.

Msifikiri mambo yaliisha hapo kwa vicheko. Siku ya Idi tulimsindikiza Riziki kwenye sala, mimi na Maman Régine, tukangoja ng'ambo ya barabara. Sala ilipoisha watu wakatoka, wanawake wanakumbatiana, watoto wana nguo mpya, kila mtu anamtafuta wake. Riziki alitoka akasimama kando ya ukuta, viatu mkononi. Aliwatazama wale watu waliokuwa wa dini yake wote, na hakuna aliyemtafuta yeye. Alikuwa na haki yake yote asubuhi ile, na sijawahi kumwona mtoto mpweke kama yeye.

Maman Régine alivuka barabara bila kutazama pikipiki. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. “Munasemaka namna gani?” akamuuliza.

“Idi mubaraka.”

“Haya. Idi mubaraka,” akasema, akamkumbatia kwa nguvu hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Kuna usiku nilijiuliza kama tungefanya vizuri zaidi tukimtafutia familia ya Waislamu, hata mbali. Papa Chrysostome alikuwa amekwisha kufa, sikuwa na wa kumuuliza. Nilimuuliza Riziki, tukiwa njiani. Akasema, “Niko sawa hapa, Maman. Lakini usiache kunitafutia wangu.” Likaririni hilo. Mtoto anaweza kupenda nyumba uliyomweka na bado anawataka wake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika wala kuchoka.

Baba hakupatikana. Alipatikana mjomba, Uvira, mwenye duka na watoto wengi na mkeka mrefu. Riziki aliondoka asubuhi, na Maman Régine alimfungia sambaza wakavu wa kutosha mtaa mzima. Hakulia mbele yake. Nami sikulia, kazi haituruhusu, ndivyo nilivyofundishwa, ingawa siku hizi nadhani Papa Chrysostome alikuwa analia chini ya ule mwavuli.

Sasa nimestaafu. Mume wangu amelala kaburini Mudaka kwa baba zake, watoto wangu wako mbali na wana simu zenye picha, wananionyesha wajukuu waliokwisha kusahau Kiswahili. Watoto niliowatembelea walikuwa wengi, na huo ndio ugumu wa kazi yetu ambao hakuna semina inayoufundisha: ukiifanya vizuri, wanakwenda kwao, na hawana sababu ya kurudi kwako. Jioni ndiyo mbaya. Ninakula nikisikia njaa, nikiwa sina njaa siwashi hata mbabula ya makaa.

Jioni moja hivi karibuni nilishindwa na ukimya wa nyumba, nikavaa viatu vyangu vya kazi, nikaenda kwa Maman Régine. Amezeeka, sauti bado ile ile. Alikuwa ameandaa bugali na mboga ya lengalenga, harufu inaniita. Kengele ya parokia ikalia. Akasimama, tukasali Malaika wa Bwana, nami nikavuta kiti, nikanyoosha mkono kwenye sahani.

“Maman Béa, tungoje kidogo,” akasema. “Ingali.”

Nikamtazama. Mezani kulikuwa na kikombe cha maji ambacho hakikuwa changu wala chake. Nikakumbuka ni mwezi gani. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, na simu za kule zilikuwa haziiti tena. Hajasikia sauti ya Riziki tangu mwezi ulipoandama, akaniambia, hajui kama yuko kwa mjomba au amekimbia tena, hajui analala kwa nani.

“Lakini kama iko pahali popote, ile saa iko nangoja,” akasema. “Njo minangoja pamoja naye.”

Basi nikangoja. Ilikuwa zamani sana tangu mtu anizuie kula ili tumngoje mwingine. Tuliutazama mlima hadi ukingo mwekundu ukaisha. Maman Régine akakichukua kile kikombe, akanywa nusu, akanipa mimi nusu.